Viatu Vilivyokataa Kukauka

Viatu vya Ridhiwani vilikataa kukauka.

Askari wawili walivileta nyumbani, Majengo, mwishoni mwa mwezi wa tatu, ndani ya mfuko wa turubai, pamoja na kombati mbili na mkanda. Jeneza lilikuwa limetangulia siku moja, limepigwa misumari. "Msilifungue, mama," alisema mmoja wa waliolileta huku akitazama chini. "Alikaa mtoni siku sita." Lori la Ridhiwani na wenzake lilikuwa limezolewa na mafuriko pamoja na daraja, huko walikotumwa kuokoa watu. Basi Ridhiwani akazikwa bila mkewe kumwona uso, na Mwantum akaingia eda, miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani, akimlilia mume ambaye hakuwahi kumwona amekufa.

Kazi ya kuvianika vile viatu ikawa ya Nadhira, binti yao wa miaka kumi na sita. Kila asubuhi aliviweka juu ya ukuta wa uani. Kila jioni akiingiza mkono ndani, anakuta maji. Mwanzoni alijiambia ni mvua za mwisho. Lakini mwezi wa tano mvua zilikatika, upepo mkavu wa Ufipa ukaanza kuvuma, ule unaopasua midomo na kukausha blanketi kabla ya adhuhuri, na bado viatu vililowa. Maji yake yalinuka matope na majani yaliyooza.

"Umande," alisema Kheri, mdogo wa marehemu, mwenye duka la nafaka mtaa wa pili.

"Umande unaingia mpaka kwenye vidole, baba mdogo?"

"Basi vigeuze. Mtoto wa askari unashindwa na viatu?"

Maneno hayo yangemchekesha baba yake. Ridhiwani alipenda utani wa kambini. Kila akirudi likizo alisimama mlangoni na kuita kwa nguvu, "Hodi kambi hii!" na Nadhira, tangu akiwa hajui hata kufunga vifungo vya gauni lake, alikimbia kumpigia saluti: "Karibu, afande!" Bila jibu hilo haingii. Aliweza kusimama nje hata nusu saa, begi mgongoni, majirani wakimcheka.

Siku ya hamsini ya eda, jua likizama, Nadhira alikuwa uani anapuliza mkaa. Akasikia hatua za viatu vizito vyenye maji, kwach, kwach, zikitoka upande wa ukuta. Kisha sauti.

"Hodi kambi hii."

Alifungua mdomo. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno ndipo alipolikumbuka jeneza, akauma ulimi mpaka damu ikatoka. Lakini kutoka chumbani, mama yake aliitika kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekuwa anangoja tu kuulizwa:

"Karibu, baba Nadhira."

Tangu jioni hiyo Mwantum aliacha kulia, na jambo hilo lilimtisha Nadhira kuliko yale maji. Alianza kumimina chai vikombe viwili. Aliviingiza viatu ndani mwenyewe, akavipiga kiwi hadi vikang'aa, akaviweka kando ya kitanda, ncha zikielekea ndani. Na alfajiri moja Nadhira aliamka kuswali akakuta nyayo za maji zimeingia kwa mlango wa uani, zimepita jikoni, zimesimama mbele ya mkeka aliokuwa amelalia, mbili, sambamba, kama za mtu aliyesimama muda mrefu akimtazama, kisha zimegeuka zikaenda chumbani kwa mama, na hapakuwa na hata unyayo mmoja uliotoka.

"Mama," alinong'ona, "nani analala humu?"

"Nani alale kwa mjane? Shika adabu yako." Mwantum alishusha sauti. "Anasikia baridi tu, mwanangu. Usimpigie kelele."

Nadhira alijifunga kwenye jambo moja: fomu ya mafao ya baba yake. Tangu mazishi alikuwa amezuiwa kurudi shule ya bweni, kidato cha tatu, kwa sababu mshahara wa baba ulikuwa umekoma. Fomu ilitakiwa kufika ofisini ndani ya siku tisini tangu kifo. Mwantum aliisaini akiwa ndani ya eda, Kheri akaipeleka siku ya sitini na tano, ikagongwa muhuri. Nadhira alizihesabu siku zilizobaki kama mtu anayehesabu mihula.

Eda ilipokwisha, mwanzoni mwa mwezi wa nane, Mwantum, Nadhira na Kheri walikwenda ofisi ya mafao. Karani alikuwa Mzee Adolfu, Mfipa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Faili limefungwa," alisema. "Siku tisini zilipita, fomu haimo."

Kheri akapandwa na hasira. "Mzee wangu! Fomu nilileta mimi! Ulinigongea muhuri ukanitania kwamba watu wa Majengo tunaandika kama tunapima mahindi!"

"Nakumbuka, kijana. Lakini fomu ilichukuliwa, siku ya themanini. Haikurudi."

"Ilichukuliwa na nani?"

Mzee Adolfu aliinuka. Alifunga mlango kwanza, kisha akafungua daftari la wageni. Ukurasa ule ulikuwa umevimba na kujikunja, kama karatasi iliyonyeshewa.

"Mtu mwenye kombati," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni ndugu yenu. Alikuwa analowa. Jamani, ulikuwa mwezi wa sita, vumbi limejaa mpaka kwenye kope, na yule bwana maji yanamtiririka mikononi yanaingia kwenye meza yangu, nikamwambia afande, kaa kidogo ujipanguse, akasema hana nafasi, kuna kosa kwenye fomu, wameandika marehemu na yeye yupo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na watu ishirini kwenye foleni, nikampa kalamu."

Nadhira aliitazama saini. Ilikuwa na mkia uliojikunja chini, ule ule aliouona miaka yote kwenye ripoti zake za shule. Aligusa. Wino ulimchafua kidole.

Mwantum naye alinyoosha mkono, akaupapasa ukurasa taratibu. "Ni mwandiko wake," alisema, na mashavu yake yalikuwa kama ya bibi harusi.

"Kuna rufaa," Mzee Adolfu alisema bila kumtazama. "Siku kumi na nne. Lakini aje mama mwenyewe, aape mbele ya mashahidi kwamba mumewe amekufa."

"Siwezi kuapa uongo," Mwantum alijibu.

Siku zilikwenda. Kheri alibembeleza, akagomba, akabembeleza tena. Siku ya kumi na tatu alimpakia kwenye pikipiki Bi Sauda wa Milanzi, kibibi mfupi aliyeuza maandazi asubuhi na kutibu wenye majini mchana.

"Shikamoo, bibi," Nadhira alimwamkia.

"Marahaba. Nyumba yenu inanuka mto." Aliingia chumbani bila kuonyeshwa njia, akanusa viatu, akaketi mbele ya Mwantum. "Nani alimkaribisha?"

"Mimi."

"Umemwona uso?"

Mwantum alivuta ushungi wake. Aliposema, Nadhira alilazimika kusogea ili asikie.

"Hanipi uso. Nikimgeukia, ananipa mgongo. Nikizunguka upande wa pili, mgongo. Nimeshauzoea."

Kheri alitoka nje. Walimsikia akikohoa ukutani.

"Mwanangu," alisema Bi Sauda, "mumeo yuko kwa Mola wake. Hili ni jini la mto ule. Limeingia kwenye viatu vyake, linaishi kwa jina lake, na uso huupati kwa sababu halina. Ndiyo maana lilikwenda kuchukua fomu. Siku watu watakapoandika kwamba mwenye jina amekufa, litakuwa halina cha kuvaa. Mimi nitafukiza ubani na kusoma. Lakini ulilikaribisha kwa mdomo wako, na ni mdomo wako utakaolifukuza."

"Nikilifukuza litakwenda wapi, bibi? Nje kuna baridi."

"Na huyu?" Bi Sauda alimnyooshea Nadhira kidole. "Huyu aende wapi?"

Jua likazama, Kheri akarudi ndani. Ubani uliwaka, Bi Sauda alisoma kwa kunong'ona, Nadhira alimshika mama yake kiganja, na hatua zikaja, kwach, kwach, zikasimama mlangoni.

"Hodi kambi hii."

Hakuna aliyejibu.

"Hodi kambi hii, mama Nadhira. Nimechoka. Nifungulie."

Na maji yakaanza kupenya chini ya mlango, meusi, yakinuka majani, yakatambaa juu ya sakafu yakipita kando ya miguu ya Kheri na kando ya chetezo cha ubani kana kwamba yanajua yanamtafuta nani, yakafika kwenye vidole vya Mwantum yakatulia hapo, ya uvuguvugu, kama kiganja cha mtu, na Mwantum akayatazama, akamtazama binti yake, akafumba macho.

"Mume wangu amekufa," alisema. "Ridhiwani amekufa. Amefia mtoni na mimi sikumwona. Hapa hakuna wa kukaribishwa."

Nje kulisikika kishindo, kama pipa lililojaa limepinduliwa. Kisha Mwantum akalia. Kilikuwa kilio ambacho alipaswa kukilia siku jeneza lilipofika, na alikilia chote, mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi viatu vilikuwa vikavu, vimepasuka. Walivizika miguuni mwa kaburi, na saa nne Mwantum aliapa mbele ya mashahidi. Mzee Adolfu aligonga muhuri mara mbili, ya pili kwa nguvu zaidi.

Barua ilitoka baada ya wiki tatu. Rufaa ilikuwa imekubaliwa. Mjane afike Jumatatu kusaini. Nadhira aliisoma mpaka akaikariri. Ijumaa alasiri alikwenda kwa fundi kuchukua sketi yake ya shule iliyoongezwa urefu, akarudi nayo begani, akiwaza kama bado kitanda chake cha bweni ni kile cha dirishani.

Mama yake alikuwa amechutama uani, mgongo mlangoni. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo mwekundu. Mbele yake vilikuwepo viatu vile vile, bado na udongo wa kaburini, ncha zikielekea ndani. Mwantum alishika birika la udhu na alikuwa anamimina maji ndani yake polepole, kidogo kidogo, kama anayemnywesha mgonjwa.

"Mama! Mama, unafanya nini?"

"Nyumba imekauka mno, mwanangu." Hakugeuka. "Nikilala nasikia pumzi yangu peke yake."

Simu iliita mkononi mwa Nadhira. Alipokea bila kutazama.

"Binti." Alikuwa Mzee Adolfu, akinong'ona. "Binti, yule mtu yuko hapa dirishani. Analowa. Amenipa mgongo, lakini mkono ameunyoosha nyuma, anaomba faili na kalamu. Sikilizeni, wewe au mama yako, semeni neno moja tu. Semeni hayupo. Mkisema, nafunga dirisha."

Mwantum aliweka birika chini, akageuka. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lake la siku za likizo, ambalo Nadhira alidhani limezikwa na baba yake.

Hayupo. Neno lenyewe fupi. Nadhira alilivuta mpaka mdomoni. Ndipo kwenye simu, nyuma ya pumzi za Mzee Adolfu, aliisikia sauti nyingine, imechoka, ya mtu aliyetoka mbali na begi mgongoni.

"Hodi kambi hii."

Sketi ilidondoka kwenye matope. Mkono wa Nadhira ulikuwa umeshapanda wenyewe mpaka kwenye paji la uso.

"Karibu, afande."