Macho Juu ya Kamera

Rafiki yangu seremala haogopi kitu, ila wivu anao: angeuonea wivu hata upepo unaompepea mkewe. Haya kanieleza mwenyewe.

Mkewe ni mpiga picha. Mwaka mzima alijipiga picha moja kila asubuhi, peke yake, katika chumba chenye mapazia mazito, kamera ikijifyatua yenyewe. Ilipobaki siku moja, akampa mumewe picha zote azitengenezee fremu.

Seremala akazipanga mezani. Mwanzoni mkewe aliitazama kamera. Kufikia mwezi wa tatu macho yalikuwa yamepanda juu yake kidogo, kama anayemtazama mtu usoni, na tabasamu limechanua. Yeye hakuwahi kuchekewa hivyo tangu harusi.

"Nani anayekuchekesha humo?"

"Baba watoto, niko peke yangu! Sasa unaionea wivu kamera?"

"Basi kesho nasimama mimi nyuma yake."

Akasimama kweli. Mapazia yakafungwa, giza likatanda. Kamera ikaanza kuhesabu: ti, ti, ti. Katikati ya milio hiyo akasikia ubao wa sakafu ukilia nyuma yake, polepole, kama unaokanyagwa. Hakugeuka, macho yake yalikuwa kwa mkewe. Taa ikamulika.

Kwenye picha mkewe alitabasamu vilevile, lakini hakumtazama mumewe. Rafiki yangu akaikuza mpaka mboni ya jicho ikajaa kioo kizima cha kamera. Humo walionekana watu wawili: yeye mwenyewe, kakunja ndita, na mwingine, kamwegemezea kidevu begani.