Simu Ikitetemeka, Mtazame Mtoto

Kinyozi alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Katika chumba cha nyuma aliishi na mkewe na binti yao. Mlango wa katikati ulikuwa wazi kutwa, ili mama akiita, baba asikie.

Binti yao alikuwa na miaka mitano. Alikuwa na doa dogo jeusi kidevuni, basi watu wote walimwita Kidoti. Kidoti alisema maneno machache sana. Alipenda kupanga vifuniko vya chupa sakafuni, vyekundu na vyekundu, vya bluu na vya bluu. Akishika kazi hiyo, humbandui.

Lakini kulikuwa na jambo lililowanyima wazazi wake raha. Kidoti alikuwa akijiuma mkono. Aliutia mdomoni, akaung'ata, akakaa hivyo kwa muda mrefu huku machozi yakimtoka. Kidonda kikikaribia kupona, alikitonesha.

Hapo mama aliita, "Baba Kidoti, njoo. Ameanza tena."

Kinyozi alimwacha mteja kitini, akakimbilia ndani na mashine yake ya kunyolea mkononi. Na kila alipoingia, Kidoti alijisukuma chini ya meza, akazidi kuuma.

Jambo hilo lilimkata maini kinyozi. Hakumwambia mtu, ila moyoni alikwisha amini kwamba mtoto wake hampendi. Kazi ikiisha, alijichelewesha kuingia ndani. Alifagia nywele sakafuni, kisha akafagia tena mahali palipokwisha kuwa safi.

Siku moja mwalimu wa chekechea aliwaita. Alikuwa mama mpole, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Mnisamehe, wazazi wenzangu. Nina watoto wengi na mikono miwili tu. Naogopa Kidoti ataumia vibaya mbele yangu. Akae nyumbani kidogo. Mpelekeni kliniki, kisha mrudi tuzungumze."

Walirudi nyumbani. Mama alimbeba Kidoti mgongoni njia nzima, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea.

Kliniki, daktari alikisafisha kidonda. Akampima Kidoti meno na masikio, asione ugonjwa. Akawapeleka kwa mtaalamu wa tabia, yaani mtu aliyesomea kuwasaidia watu kubadili mambo yanayowaumiza. Alikuwa mwanamke kijana. Badala ya kukaa kitini, alikaa sakafuni karibu na Kidoti.

"Mama, anajiuma wakati gani?" aliuliza.

"Kutwa nzima, dada. Tangu anaamka mpaka analala."

"Na wewe, baba, unaonaje?"

"Mimi kila nikimwona, anajiuma," kinyozi alijibu, akaangalia chini.

Mtaalamu aliwageukia wote wawili. "Siwabishii. Lakini jambo linalotuumiza hujaa kichwani, likafunika mengine yote. Tukitaka kumsaidia, tuanze kwa kujua wakati wenyewe. Nitakuja kwenu."

Alikuja kesho yake mchana. Akaweka programu ya kurekodi tabia katika simu ya mama na ya baba, akaifunga kwa neno la siri.

"Nani ataona mambo yetu humu?" mama aliuliza.

"Nyinyi na mimi tu. Haya, tuandike tabia tunayotaka kuitazama. Tuiiteje?"

"Hasira," alisema mama.

"Hasira iko moyoni, mama. Siioni. Mimi nikiingia sasa hivi, nitaona nini kwa macho?"

Kinyozi alifikiri. "Utaona meno yake yako juu ya mkono."

"Hapo sawasawa. Hata asiyemjua Kidoti atajua kama meno yako juu ya mkono au hayapo. Hatutabishana." Akaandika hivyo. "Sasa tuchague namna ya kurekodi. Tungeweza kuhesabu kila anapoanza kuuma. Lakini Kidoti akiuma anakaa hivyo kwa muda mrefu. Hesabu itasema mara moja tu, kumbe ameteseka sana. Tena nyinyi mna kazi, hamwezi kumkodolea macho mchana kutwa. Kwa hiyo tutatumia vipande vya muda."

"Vipande vya muda ndiyo nini?" kinyozi aliuliza.

"Tunachukua nusu saa, tunaikata vipande vya dakika mbili mbili. Mwisho wa kila kipande simu itatetemeka. Hapo hapo unamtazama mtoto. Meno yako juu ya mkono? Bonyeza Ndiyo. Hayapo? Bonyeza Hapana. Kisha endelea na shughuli yako."

Mama alikunja uso. "Na kama alijiuma, akaacha kabla simu haijatetemeka?"

"Bonyeza Hapana."

"Si nitakuwa nimedanganya, dada?"

"Hudanganyi. Ukipika mchuzi, hunywi sufuria nzima ili ujue chumvi. Unaonja. Kijiko kimoja kinaweza kukudanganya, ila ukionja mara nyingi utajua umekaaje. Na hapa tutaonja mara nyingi, siku nyingi. Sharti ni moja tu. Tazama pale simu inapotetemeka, si kabla, si baada."

"Kwa nini isilie tu?" kinyozi aliuliza. "Mimi mtetemo naweza nisiusikie."

"Iweke mfukoni, utausikia. Ikilia, Kidoti ataigeukia na kuacha anachofanya. Nataka tumwone alivyo."

Walikubaliana. Mama angerekodi mchana, baba angerekodi jioni baada ya kufunga kazi. Mtaalamu aliwafanyisha majaribio pale pale, mpaka vidole vikazoea.

Katika programu ile, kila Ndiyo ilionekana kama mraba mwekundu, na kila Hapana mraba wa kijani. Baada ya siku chache, kinyozi na mkewe waliziweka simu zao pamoja mezani. Ya mama ilikuwa nyekundu tupu, ila mahali pachache. Ya baba ilikuwa kijani kama bustani.

Mama aliitazama simu ya mumewe kwa muda. "Baba Kidoti, wewe unabonyeza tu, humtazami mtoto."

"Namtazama."

"Mtoto gani huyo? Mimi ninayeshinda naye ndiye ninayemjua."

"Na wewe umechoka, mke wangu. Mtu akichoka, kila kitu anakiona kibaya."

Hilo halikuwa neno la kusema. Mama aliondoka mezani bila kumaliza chakula chake. Kinyozi alibaki akitazama miraba ya kijani. Alijua kwamba hakudanganya. Alijua pia kwamba mkewe si mtu wa kudanganya. Hakuelewa.

Mtaalamu aliporudi, walimpa simu kila mmoja yake, kama watoto wawili wanaoshtakiana kwa mama yao.

"Tuambie nani kakosea," alisema mama.

Mtaalamu alisoma simu zote mbili bila haraka. "Namwamini mama. Namwamini baba pia. Nyote mmemtazama mtoto yule yule kwa saa tofauti. Basi tujiulize, mchana kuna nini ambacho jioni hakipo?"

Waliangaliana. Mchana kulikuwa na jua. Kulikuwa na kupika na kufua. Hawakupata jibu.

"Mama, siku hii hapa ulirekodi mchana kama kawaida," mtaalamu alisema, akionyesha kwa kidole. "Mbona yote ni kijani? Kulikuwa na nini siku hiyo?"

Mama alifikiri. "Siku hiyo? Nakumbuka nilipiga pasi kwa mkaa. Umeme ulikatika tangu asubuhi."

Kinyozi alisimama, kisha akakaa tena.

"Sikunyoa siku hiyo," alisema polepole. "Mashine haikuwaka."

Kupitia mlango wa katikati waliweza kukiona kiti cha wateja, na mashine ikining'inia kwenye msumari kwa waya wake mrefu uliofika hadi chumba cha nyuma. Kinyozi aliikumbuka sauti yake. Kwake ilikuwa sauti ya riziki, alikwisha acha kuisikia. Akakumbuka pia namna alivyokuwa akikimbilia ndani kila alipoitwa, na mashine ingali ikinguruma mkononi.

"Kumbe nilikuwa nampelekea kitu kile kile kinachomuumiza," alisema. "Mimi nilidhani hanitaki."

Mama alimgeukia. Hakuwahi kulisikia jambo hilo. "Ulidhani mwanao hakutaki? Siku zote hizo? Mbona hukuniambia, mume wangu?"

Mama alimshika bega, akaacha mkono wake pale.

"Mbona daktari alisema masikio yake ni mazima?" kinyozi aliuliza baadaye.

"Ni mazima," alijibu mtaalamu. "Lakini wapo watoto ambao sauti ndogo kwetu, kwao ni kama msumari masikioni. Hata hivyo tusikimbilie kuamini. Tupunguze kelele, tuendelee kurekodi vile vile. Tukibadili mambo mengi kwa pamoja, hatutajua lipi limesaidia."

Kinyozi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikisogeza kiti mpaka ukuta wa mbali. Mlango wa katikati akaufunga, akatundika blanketi zito juu yake. Wateja waliokubali aliwanyoa kwa mkasi na kitana. Mteja mmoja, fundi viatu mwenye maneno mengi, alimtania kwamba akiendelea hivyo ndevu zitaota upya kabla hajamaliza.

"Basi utalipa mara mbili," kinyozi alimjibu, na mkasi ukaendelea.

Miraba haikugeuka kijani mara moja. Siku ya kwanza nyekundu ilikuwa bado nyingi, na mama alitaka kufa moyo. Kisha ikaanza kupungua. Mtaalamu aliridhika, ndipo akaleta jambo la pili: kadi ngumu yenye picha ya sikio.

"Kidoti anajiuma kwa sababu hana neno la kusema 'zimeni'," alieleza. "Tumpe hilo neno. Akikupa kadi hii, zima kelele papo hapo, au mtoe nje. Usimwambie angoje, hasa siku hizi za mwanzo. Na akijiuma, usimgombeze. Utoe mkono taratibu, umkumbushe kadi."

Walimfundisha kwa kumshika mkono, mara nyingi, kwa subira. Alasiri moja mlango ulifunguka, blanketi likasogea, Kidoti akatokea chumba cha mbele peke yake. Fundi viatu alikuwa kitini, amenyolewa upande mmoja. Kidoti alinyoosha kadi. Kinyozi alizima mashine.

"Na mimi je?" fundi viatu aliuliza.

"Wewe subiri, bwana. Nimeambiwa kitu na mwanangu."

Kidonda cha mkono kilipona, safari hii kikapona kweli. Mwalimu wa chekechea alimpokea Kidoti tena, naye mwenyewe akavaa shingoni kadi kama ile, ili Kidoti aishike kelele zikimzidi. Nyekundu haikuisha kabisa, ilitokea siku za kelele na siku za homa. Lakini mama alipoitazama simu yake, alikuwa akitikisa kichwa.

"Ametulia hivi, akicheza vizuri hivi, na mimi nilikuwa nasema anajiuma kutwa nzima," alimwambia mumewe. "Utulivu haupigi kelele, ndiyo maana sikuuona."

Siku ya mwisho ya mwezi, mtaalamu alikuja kusoma rekodi. Katika rekodi ya baba aliona mraba wa kijivu katikati ya kijani.

"Hapa hukubonyeza kitu, baba. Programu imeweka kijivu yenyewe. Ilikuwaje?"

Kinyozi alijikuna kichwa kwa aibu. "Simu ilitetemeka, niliisikia. Ila Kidoti alikuja akakaa mapajani mwangu, akanishika kidole. Nikaogopa kuuondoa mkono. Baadaye nilitaka kujaza, nikasema ngoja nikuulize kwanza."

"Umefanya vyema kutokujaza. Kipande kilichokupita usikikisie, kiache kijivu. Siku nyingine hakikisha simu iko mkono wa pili."

"Nitahakikisha," kinyozi alisema. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini hiki, dada, hakitafutika? Kitabaki humu?"

"Kitabaki," alisema mtaalamu.

Kinyozi aliichukua simu, akautazama tena ule mraba wa kijivu, akamwonyesha mkewe.