Kwa Nini Ng'ombe ni Wachache?

Nyamizi alikuwa kivulini mwa nyumba yake, Kishapu, akikata viazi vitamu. Alivikata vipande vyembamba, kisha akavitandaza juu ya mwamba ili vikauke na kuwa michembe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mwaka huo mtama ulikuwa umetoka kidogo. Michembe ndiyo ingewavusha mpaka mavuno mengine.

Mumewe, Maduhu, alirudi na ng'ombe kutoka kwenye maji. Siku hizo maji yalikuwa mbali. Ng'ombe walikuwa wamekonda, mbavu zao zinaonekana.

"Majani yamekwisha, Mama Mageni," alisema Maduhu. Mageni alikuwa mtoto wao wa kwanza. "Ardhi hii imechoka. Na sisi tumechoka nayo."

Jioni hiyo walipata mgeni. Alikuwa Masele, mdogo wake Maduhu, ambaye alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu huko Geita. Alikuja likizo na baiskeli yake. Baada ya kula, alifungua mfuko wake akatoa hindi moja. Lilikuwa nene na refu. Watoto walilipokezana kama kitu cha ajabu.

"Huko Geita mahindi ndiyo haya," alisema Masele. "Nimemwona mtu amepata magunia kumi na sita katika ekari moja. Malisho ni mengi, na maji yapo. Kaka, mnangoja nini hapa? Hameni!"

Macho ya Maduhu yaling'aa. "Bujiku naye anahama," alisema. Bujiku alikuwa jirani yao. "Anaondoka wiki hii na ng'ombe wake wote. Anakwenda Isolelo, huko huko Geita. Anasema tufuatane."

Nyamizi alilichukua lile hindi akaligeuzageuza. Alikuwa mtu wa kutaka kujua. Tangu utoto mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe mtoto, maswali yako hayaishi."

"Shemeji," alimwuliza Masele, "huyo aliyepata magunia kumi na sita, majirani zake walipata mangapi?"

"Sijui. Mimi nililiona shamba lake tu."

"Na mwaka juzi, yeye mwenyewe alipata mangapi?"

Masele akacheka. "Shemeji, unataka nikahesabu mashamba yote ya Geita?"

"Hakuna mtu aliyekwisha kuyahesabu?" aliuliza Nyamizi.

Masele akabadili mazungumzo, akasimulia habari za mgodini. Lakini swali lile lilibaki na Nyamizi.

Siku ya mnada Nyamizi alibeba mayai kwenda kuuza. Alipomaliza, alipita kwenye ofisi ya bwana shamba, karibu na ghala la pamba. Bwana shamba wa hapo aliitwa Donatus. Alikuwa kijana, bado mgeni Kishapu, lakini watu walimpenda kwa sababu hakuwa na majivuno.

"Shikamoo, mama," alisema Donatus.

"Marahaba, baba. Nina swali. Tunataka kuhamia Geita. Shemeji yangu anasema huko ekari moja inatoa magunia kumi na sita ya mahindi. Je, yupo anayejua ukweli?"

Donatus alimkaribisha kiti. Akatoa kabatini kitabu chembamba chenye jalada la kijivu.

"Serikali hutoa taarifa ya kilimo kila mwaka," alisema. "Humu mna hesabu za mavuno, mvua na mifugo, wilaya kwa wilaya. Hesabu za namna hii huitwa takwimu. Mtu yeyote anaweza kuja kuziuliza. Lakini watu hawaji. Wewe ni wa kwanza mwaka huu."

"Nani alizihesabu?" aliuliza Nyamizi.

Donatus akafurahi. "Umeanza vizuri. Hatuwezi kupima kila shamba. Kwa hiyo tunachagua machache katika kila eneo. Tunayapata kwa kura ya bahati, ili tusichague mazuri tu wala mabaya tu. Tunapima kipande kwa kamba na vigingi. Kikivunwa, tunapima uzito wa mavuno."

Nyamizi akashika mdomo. "Basi ni wale waliokuja kwa Bujiku na kamba! Bujiku alidhani ni mambo ya kodi. Akawapeleka kwenye kipande chenye mawe, akasema shamba lake ndilo hilo."

Donatus alitikisa kichwa, akacheka kidogo. "Basi hapo katudanganya, na hesabu ya Kishapu imepungua kidogo kuliko ilivyo kweli. Ndiyo sababu ni vizuri kuuliza nani alihesabu, na alihesabu vipi."

Taarifa ile ilikuwa ya Kiingereza. Nyamizi alijifunza kusoma misheni, lakini kwa Kiswahili tu. Hata hivyo alipoinama juu ya ukurasa, tarakimu alizitambua. Tisa ilikuwa tisa ile ile.

"Hii ni Geita," alisema Donatus, akiweka kidole. "Mahindi, wastani wa magunia tisa kwa ekari. Na hapa ni kwetu. Magunia manne."

"Wastani ni nini?"

"Ni kama kuchanganya mavuno ya wote, kisha kuyagawa sawasawa. Yupo aliyepata kumi na sita. Yupo aliyepata matatu. Ukichanganya wote na kugawa, kila mmoja anapata tisa."

"Na mwaka mwingine?"

Donatus akatoa taarifa za miaka mingine. Walizisoma pamoja. Mwaka mmoja Geita ilikuwa na magunia kumi na moja. Mwaka mwingine, mvua ilipochelewa, yalikuwa sita. Lakini kila mwaka Geita ilikuwa mbele ya Kishapu.

Nyamizi alirudi nyumbani akiwaza njia nzima. Alipofika aliwaita Maduhu na Masele. Alichukua bakuli tatu za karanga. Moja aliijaza. Ya pili akaitia nusu. Ya tatu akaitia kidogo sana.

"Shemeji, ulipokwenda Geita, uliiona hii iliyojaa," alisema. Kisha akazimwaga zote kwenye ungo, akazigawa upya sawasawa. "Huu ndio wastani. Tukihama, tutegemee hii. Ile iliyojaa tuiache. Ni magunia tisa. Mwaka mbaya ni sita."

Masele akatafuna karanga akifikiri. "Mimi sikusema uongo," alisema.

"Hapana. Uliona kweli. Ila uliona shamba moja."

Maduhu alisimama. "Hata sita ni zaidi ya manne! Tunahama."

Kesho yake wote watatu walikwenda kwa Donatus. Maduhu alitaka kusikia kwa masikio yake. Donatus aliwasomea tena mahindi, pamba na mvua. Kisha akafika kwenye ng'ombe.

"Wilaya ya Geita ina ng'ombe wachache sana," alisema. "Hata robo ya wale wa huku kwetu hawafiki."

Maduhu akapiga makofi. "Mmesikia? Malisho yote yale, na ng'ombe wachache! Wangu watanenepa mpaka washindwe kutembea."

Masele naye alicheka. Lakini Nyamizi hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya ile tarakimu ndogo.

"Kwa nini ni wachache?" aliuliza.

"Si Masele amesema malisho ni mengi?" alijibu Maduhu.

"Ndiyo maana nauliza, Baba Mageni. Kama majani ni mengi na maji yapo, kwa nini ng'ombe ni wachache? Watu wa kule hawapendi maziwa?"

Wote walimtazama Donatus. Yeye alifunua kurasa, mbele na nyuma. Mwishowe akakifunga kitabu.

"Sijui, mama," alisema. "Hesabu imesema ni wangapi. Haikusema kwa nini. Twende tukamwulize bwana mifugo."

Bwana mifugo aliitwa Bartholomeo. Walimkuta kwenye boma la mnada akikagua ng'ombe. Alikuwa mtu wa makamo, na nguo zake zilinuka dawa. Aliposikia swali lao, hakufikiri hata kidogo.

"Mbung'o," alisema. "Sehemu kubwa ya Geita bado ni pori, na pori lina mbung'o. Mbung'o akimwuma ng'ombe, anamwambukiza ugonjwa. Ng'ombe anakonda huku majani yamemfika tumboni. Kisha anakufa."

Maduhu aliwageukia ng'ombe waliokuwa bomani. Wake mwenyewe aliwarithi kwa baba yake. Alimjua kila mmoja kwa jina.

"Basi hatuhami," alisema polepole.

"Ngoja, Baba Mageni," alisema Nyamizi. Akamgeukia Bartholomeo. "Hesabu ile ni ya wilaya nzima. Je, pori liko kila mahali? Hakuna hesabu ya sehemu moja moja?"

"Ipo kwetu, idara ya mifugo," alijibu Bartholomeo. "Tunawahesabu wakati wa kuchanja. Njooni."

Ofisini mwake aliwaonyesha daftari la hesabu za jimbo zima, Geita ikiwamo. Sehemu moja ya Geita iliitwa Nyamtondo. Huko watu walikuwa wamefyeka pori kwa miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza ng'ombe walikuwa wachache. Mwaka wa pili waliongezeka. Mwaka wa tatu waliongezeka zaidi.

"Na hii ni Isolelo," alisema. "Tazameni. Kila mwaka wanapungua. Pori la huko halijafyekwa."

Nyamizi na Maduhu walitazamana.

"Isolelo ndiko alikokwenda Bujiku," alisema Nyamizi.

"Ameondoka lini?" aliuliza Bartholomeo.

"Juzi. Na ng'ombe wote."

Maduhu hakungoja kuambiwa. Alichukua baiskeli ya mdogo wake, Nyamizi akamfungia michembe katika kitambaa, naye akaondoka kuelekea magharibi. Vumbi la njia lilimpaka hadi kwenye nyusi. Kila alipokutana na watu aliuliza, "Mmeona mtu na ng'ombe wengi?" Alimkuta Bujiku ng'ambo ya mji wa Shinyanga, akinywesha ng'ombe kwenye bwawa, karibu na nyumbani kwa mjomba wake. Mke wake, Melania, alikuwa akipika.

Maduhu alieleza yote. Bujiku alisikiliza huku amekunja uso.

"Wewe unanirudisha kwa sababu ya karatasi?" alisema. "Hao waandika karatasi mimi niliwadanganya mwenyewe. Niliwaonyesha mawe wakaandika mawe. Nitawaaminije?"

Maduhu hakuwa msemaji hodari. Alifikiri kwanza.

"Ni kweli walidanganywa," alisema. "Lakini hao ng'ombe wa Isolelo walihesabiwa wakichanjwa, mmoja mmoja. Na miaka yote mitatu hesabu inashuka. Usiniamini mimi. Waache ng'ombe hapa kwa mjomba wako. Nenda ukatazame kwa macho yako."

Bujiku alitaka kukataa. Ndipo Melania akainua kichwa kutoka kwenye chungu. "Ng'ombe wakingoja mwezi mmoja hawatakufa," alisema. "Wakienda na wakafa, hawatarudi. Nenda peke yako, Baba."

Bujiku akaenda peke yake, na Melania akarudi kungoja kwa Nyamizi. Aliporudi Kishapu, alikuja moja kwa moja nyumbani kwa Maduhu. Aliketi, akakung'uta vumbi miguuni.

"Nimefika Isolelo," alisema. "Nimeona boma la ng'ombe. Zuri, la miti imara. Ndani yake majani yameota, yananifika kifuani. Nikamwuliza mwenyewe, 'Ng'ombe wako wapi?' Akanionyesha ngozi tu."

Melania alifunika uso. Nyamizi alimletea Bujiku maji ya kunywa. Hakuna aliyemcheka.

Mvua za kwanza zilipokaribia, familia zote mbili zilihamia Nyamtondo. Wanaume walitangulia kujenga na kusaidiana na wenyeji kufyeka pori. Ng'ombe waliletwa baadaye, baada ya bwana mifugo wa huko kuwaonyesha njia isiyopita kwenye mbung'o. Nyamizi alipanda mahindi, na pembeni akapanda muhogo, kwa sababu hakuusahau ule mwaka wa magunia sita.

Mwaka wa kwanza walivuna magunia saba kwa ekari. Maduhu alifurahi sana. Kishapu hakuwahi kuyaona. Lakini Nyamizi aliyapanga magunia ukutani akayatazama.

"Saba," alisema. "Wastani ni tisa. Kwa nini sisi saba?"

"Mama Mageni! Huwezi kushiba?"

"Nimeshiba. Nauliza tu."

Alikwenda akawauliza majirani waliopata zaidi, kisha akamwuliza bwana shamba wa Nyamtondo. Wote walimjibu jambo moja: huku mvua huanza mapema kuliko Kishapu, nao walikuwa wamechelewa kupanda. Mwaka wa pili walipanda mapema. Walipata magunia kumi. Ng'ombe nao walizaa, na watoto walikunywa maziwa asubuhi na jioni.

Siku moja Bujiku alikuja akiwa amefuga ndevu na mwenye furaha. Alikuwa ameona bonde moja lenye maji, upande wa ziwani.

"Mama Mageni," alisema, "bonde lile ni zuri mno! Nimemwona mtu mmoja kule, mpunga wake umesimama kama ukuta. Nataka kulima mpunga."

Nyamizi aliinua kidole kimoja.

Bujiku alijikuna shingo. Kisha akaanza kucheka. "Haya, haya," alisema. "Mtu mmoja. Najua. Ofisi ya bwana shamba inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili," alisema Nyamizi. Akachukua kanga yake ukutani. "Twende wote. Na mimi nataka kujua."