Samawari Haipandi Mlima

Alhamisi jioni Maliheh alikuwa jikoni akikata matango. Mumewe, Behruz, alikuwa sebuleni akifunga mizigo. Kesho ilikuwa Ijumaa, na huko Dorud, mji wa milimani nchini Iran, Ijumaa ya kiangazi ni siku ya mlima.

Safari hii ilikuwa ya Nilufar, binti yao wa miaka minane, ingawa mdogo wake wa kiume, Aref, naye angekwenda. Tangu shule zifungwe alikuwa ameomba jambo moja tu: kuliona ziwa lililo nyuma ya mgongo wa mlima. Wenzake darasani walikuwa wamelifikia. Yeye alikuwa ameliona kwenye simu ya shangazi yake.

Maliheh alitoka jikoni, akaona birika kubwa la shaba la kuchemshia chai kwenye mizigo, akashika kiuno.

"Baba Nilufar, hii ni nini?"

"Samawari."

"Naona ni samawari. Inakwenda wapi?"

"Mlimani. Mama amesema."

Mama aliyesema ni Bibi Tuba, mama mzazi wa Behruz, ambaye waliishi naye. Alikuwa ameketi pembeni, akiviringisha zulia.

"Watu wakipita tutawapa nini?" Bibi Tuba aliuliza. "Tutawatolea macho tu? Ukoo wetu haujawahi kutandika zulia bila chai."

"Zulia pia linakwenda?" Maliheh aliuliza.

"Utamkalisha mgeni juu ya mawe?"

"Mama, kuna Aref wa kubebwa. Ana miaka minne."

"Baba yake alibebwa akiwa mdogo kuliko huyo, na samawari ilibebwa pia. Na tikiti maji."

Behruz aliinama, akaokota tikiti maji. Maliheh alirudi jikoni, akakata matango kwa hasira. Kubishana na mama mkwe juu ya wageni ni kutwanga maji kwenye kinu.

Walikusudia kuondoka alfajiri. Lakini Behruz alichelewa kuamka, kisha akataka kifungua kinywa cha kukaa chini. Kisha jirani mmoja akaja kuwaaga. Akaambiwa karibu ndani, akakataa, akaambiwa tena, akakataa tena, mara ya tatu akaingia. Chai ikachemshwa upya. Jua lilikuwa limeshapanda walipopata kutoka. Bibi Tuba, aliyebaki nyumbani, akamwaga bakuli la maji nyuma yao, kama desturi ilivyo, ili msafiri arudi salama.

Chini, penye miti ya mijozi na chemchemi, njia ilikuwa nzuri. Walipofika kwenye mgongo wa mlima hapakuwa na kivuli hata cha kuficha paka. Jua lilikuwa la utosini. Behruz alitangulia mbali, samawari ikigonga mgongo wake. Nilufar alikuwa wa mwisho. Mama yake alikuwa katikati na Aref kiunoni, akimwita huyu asimame na yule aongeze mwendo.

"Una kiu, mama?" Behruz alipaza sauti kumwuliza binti yake.

"Hapana, baba. Asante."

"Kweli?"

"Kweli, baba. Asante."

Kundi la vijana likapita. Dada mmoja akamwinamia Nilufar na chupa ya maji baridi. "Kunywa, mrembo."

Nilufar akaweka mkono kifuani. "Hapana, asante. Mkono wako usiumie," akasema, kama wakubwa wa kwao wanavyoshukuru.

"Mashallah! Mtoto ana adabu huyu!" dada akasema. Akafunga chupa, akaenda zake.

Behruz alijaa fahari. "Umemsikia binti yangu?"

Maliheh alikuwa anautazama uso wa Nilufar. Ulikuwa mwekundu, na midomo ilikuwa imekauka. Hatua chache mbele, mtoto akayumba, akakaa juu ya jiwe, akatapika.

"Mama," alisema, "kichwa kinauma. Naliona ziwa, na ni mawili."

Ziwa halikuonekana kutoka pale. Maliheh alimtua Aref chini. "Behruz! Tua hilo lidude, njoo hapa!"

Bahati yao, Bibi Shokuh alikuwa anashuka. Alikuwa jirani yao, muuguzi, na kila Ijumaa alipanda na chama cha wapanda mlima. Alipomwona mtoto hakusalimia. Alimbeba hadi nyuma ya mwamba, kwenye kivuli chembamba, akamlegezea nguo. Akalowesha mtandio wake, akamfuta shingo na makwapa. Akatoa maji aliyoyachanganya na sukari na chumvi kidogo.

"Funda moja. Tulia. Sasa jingine. Usigugumie, utatapika tena." Akamgeukia Maliheh. "Amekunywa nini leo?"

"Tumemuuliza kila mara. Alisema hana kiu."

"Mmemuuliza!" Bibi Shokuh akatikisa kichwa. "Haya. Akipata nguvu tunashuka. Leo ziwa basi."

Behruz alimbeba binti yake, Bibi Shokuh akamchukua Aref. Samawari aliibeba Maliheh pamoja na zulia, na kila hatua aliilaani. Tikiti maji waliliacha kwa mchungaji wa mbuzi, ambaye naye alilikataa mara mbili kwanza.

Nyumbani Bibi Tuba alilia, akamkumbatia mjukuu. Kisha akafuta machozi, akatoa hukumu.

"Msichana huyu hapandi tena mlima. Yameisha."

Nilufar aligeuza uso ukutani. Hakubisha, kwa kuwa alifundishwa kutobisha. Kimya kile kilimuuma Maliheh kuliko kilio.

Kesho yake Bibi Shokuh alikuja kumtazama mgonjwa. Maliheh alimsubiri mlangoni.

"Jirani, niambie ukweli. Mlima si wa watoto?"

"Ni wa watoto sana. Si wa samawari." Bibi Shokuh akaingia, akaketi. "Nilufar, jana ulikuwa na kiu?"

Mtoto akamtazama bibi yake kwanza. "Ndiyo."

"Kwa nini ulisema huna?"

"Mtu mwenye adabu hasemi ndiyo mara ya kwanza. Nilikuwa nasubiri mara ya tatu."

Bibi Tuba akaacha kuhesabu tasbihi.

"Mimi nimemfundisha adabu," alisema. "Sasa mnaniambia nilimfundisha kufa?"

"Hapana, mama yangu. Adabu ya sebuleni ni nzuri, ibaki sebuleni. Mlimani mtoto haulizwi kama ana kiu. Anapewa kikombe mkononi, na unasimama hapo mpaka anywe. Kidogo kidogo, kila mnapopumzika, kabla kiu haijaja. Mtoto akishasema ana kiu, mmeshachelewa."

"Na mimi nilitangulia," Behruz alisema polepole.

"Ulitangulia kama unayekimbizwa na deni. Mwache mtoto mdogo aongoze. Akichoka yeye, wote mnapumzika."

"Kwa mwendo wa Aref tutafika lini?" Behruz akauliza.

"Ndiyo maana watu huondoka alfajiri!" Maliheh alipasuka. "Alfajiri, Baba Nilufar! Si baada ya chai tatu na jirani! Nilisema, sikusema?"

"Ulisema."

"Nani alinisikia?"

Behruz aliukagua ukucha wake.

Bibi Shokuh akacheka, kisha akawa makini. "Kuna jambo kubwa zaidi. Kiangazi, mchana, mawingu hujikusanya juu ya mgongo ule. Radi hupenda mahali pa juu palipo wazi. Kabla ya kuondoka angalieni utabiri wa hali ya hewa. Adhuhuri ikifika, mnageuka. Hata ziwa likiwa mbele ya pua, mnageuka. Chukueni maji ya kutosha, kofia, koti la kila mtu hata kama ni joto, mkate, jibini, tende. Maji ya ziwa msinywe bila kuyachemsha. Na mwambieni mtu wa nyumbani mnapita njia gani na mtarudi lini."

"Na wageni?" Bibi Tuba aliuliza kwa unyonge. "Wapite tu bila chai?"

Maliheh akapata wazo.

"Mama, wewe kaa chini kwenye chemchemi, chini ya mijozi. Zulia lako, samawari yako, tikiti lako. Kila anayepanda na kushuka atapita kwako. Na wewe ndiye utakayejua tumekwenda wapi."

Bibi Tuba alifikiri. "Sukari ya mawe pia?"

"Beba duka zima, mama. Lakini chini."

Ijumaa iliyofuata waliondoka nyota zikiwa bado angani. Mlangoni hapakuwa na karibu-karibu. Aref alitangulia kwa miguu yake mwenyewe, akisimama kutazama kila mdudu. Behruz alikuwa nyuma yake, akiuma meno, lakini hakumpita. Kila walipokaa, Maliheh alijaza kikombe na kumpa Nilufar.

"Ha—" Nilufar alianza.

"Sijakuuliza," mama yake alisema.

Nilufar akanywa.

Waliuvuka mgongo wa mlima kungali na upepo baridi. Halafu njia ikashuka, na ziwa likawa pale, la buluu, na theluji kidogo ukingoni. Nilufar hakupiga kelele. Alivua viatu, akatia miguu majini, akacheka hadi akashikwa na kwikwi.

Walipokwisha kula, Behruz aliangalia kilele cha ng'ambo. "Ni karibu tu. Tukikaza mwendo—"

Maliheh alionyesha wingu dogo juu ya kilele. "Vaa viatu."

"Wingu hilo? Si hata la kulowesha leso."

"Viatu, Baba Nilufar."

Alinung'unika njia yote ya mgongo wa mlima. Walipokuwa tayari kwenye miti, radi ya kwanza ikapiga kule juu walikopita. Ardhi ikatikisika. Behruz alimwinua Aref, akamkumbatia, na hakunung'unika tena.

Bibi Tuba alikuwa amesimama kando ya zulia, macho mlimani. Siku nzima aliwapa watu chai. Mwenyewe, tangu mawingu yaanze, hakuwa ameonja kitu. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama, kaa unywe maji," Behruz alisema.

"Hapana, nyinyi kwanza."

"Kunywa, mama," Maliheh alisema.

"Sina kiu, mwanangu. Niacheni."

Nilufar alijaza kikombe chake kwenye chemchemi. Akaja, akaishika mikono ya bibi yake, akakiweka humo, akasimama hapo hapo.

"Mimi sikuulizi, bibi," alisema.

Bibi Tuba alimtazama. Akanywa hadi tone la mwisho, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akanyoosha kikombe.

"Ongeza," alisema.