Kifaa cha Merrin

Yaliyompata Merrin niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, katika nyumba tuliyopanga pamoja nje kidogo ya mji wa Hobart.

Merrin alikuwa akisomea uzamivu. Kazi yake ilikuwa kuzipunguza programu kubwa za akili bandia hadi zitoshe ndani ya kifaa kidogo kisichohitaji intaneti. Hii ya sasa iliandika kwenye kioo cha kifaa maneno inayoyasikia. Aliitengeneza kwa ajili ya mama yake, Glenys, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa kabisa.

"Umeikata mpaka mfupani," nilimtania. "Itasikia nini tena?"

"Hilo ndilo linanishangaza." Hakucheka. "Kadiri ninavyoikata, ndivyo inavyozidi kusikia."

Jumapili ile Glenys alikuja kula nyama ya kondoo. Alikishika kifaa kiganjani, akawa anasoma kila tulichosema huku akicheka kama msichana.

"Kumbe huwa mnanisengenya hivi!"

Baada ya chakula, mimi na Merrin tuliingia jikoni kuosha vyombo. Tuliosha kimya, tumeshiba. Tuliporudi, kiti cha Glenys kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi.

Uani kulikuwa na kisima cha zamani. Mfuniko wake wa mbao, ambao sisi wawili tuliwahi kushindwa hata kuusogeza, ulikuwa umelala pembeni. Glenys alikuwa ameketi ukingoni. Miguu yake ilining'inia ndani.

Merrin alimkumbatia kwa nyuma, akamvuta. Wakaanguka wote kwenye nyasi.

"Mama! Unafanya nini?"

Glenys alisoma kioo cha kifaa, bado kiko kiganjani, kisha akamtazama mwanawe kwa mshangao. "Si umeniita mwenyewe?"

Tukainama kutazama. Swali la Merrin lilikuwepo. Juu yake kulikuwa na maneno mengine.

*Mama, njoo uani.*

*Kaa hapa.*

*Shusha miguu.*

"Ni wewe?" Merrin alininong'oneza.

Nilitikisa kichwa. Tukanyamaza. Herufi zikaanza kujiandika, moja moja.

*Mwachie.*

Merrin alikitupa kifaa kisimani. Tukasubiri kishindo.

Hatukusikia kitu.

Mwenye nyumba alikijaza kisima zege. Merrin alifuta toleo lile lote, akaanza utafiti upya. Glenys alirudi kwake Launceston, mbali na uani kwetu. Hasikii mlango ukigongwa. Hasikii radi.

Lakini mwezi uliopita, mimi na Merrin tukiwa naye mezani kwake, aliweka kikombe chini ghafla, akageukia dirisha.

"Nakuja, mwanangu," akasema taratibu. "Usilie."