Spika Iliyomeza Sauti ya Mwalimu

Asubuhi ile Mwalimu alifagia sebule, akanywa chai, akakaa mbele ya maiki. Kesho yake angestaafu. Alitaka kuwaaga wanafunzi kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini tangu apasuliwe koo, sauti yake haikufika hata mlangoni.

Mumewe alikuwa seremala. Majirani walimwita Injinia, maana hakuna asichojua! Alikuwa ameazima mixa, mashine ya kuchanganyia sauti, na spika moja ya kubeba. Akachomeka waya kwenye tundu la hedifoni la mixa, upande wa pili kwenye spika.

"Haya, sema!"

Mwalimu akasema. Kimya. Akarudia. Wapi!

Injinia akapiga wimbo wa kwenye simu kupitia mixa ile ile. Magitaa yakajaa nyumba nzima.

"Unaona? Mashine haina neno. Labda ni koo lako, mama watoto. Kesho hotuba yako nitakusomea mimi."

Maneno hayo yalimchoma Mwalimu. Machozi yakamlengalenga.

"Hodi! Mbona wimbo wenu hauna mwimbaji?"

Alikuwa jirani yao, mama fundi redio. Wakatega sikio. Kweli, magitaa matupu.

"Na mwimbaji naye kapasuliwa koo?" fundi akauliza.



Fundi akashusha sauti ya mixa na ya spika mpaka mwisho, ndipo akachomoa waya. "Tazameni kichwa chake. Mistari miwili nyeusi. Huu ni waya wa stereo, umebeba kushoto na kulia. Spika hii ni mono, ina tundu moja tu. Inalinganisha pande mbili za waya. Kinachofanana inakifuta, ikidhani ni kelele. Sauti yako, dada, iko katikati, inafanana pande zote. Ndiyo inayofutwa."

"Kumbe koo langu ni zima?"

"Zima kabisa!"

"Basi niunganishe kushoto na kulia kwa waya wa matawi mawili, yote yaingie spika moja," Injinia akadakia.

"Usithubutu, shemeji! Matundu mawili ya kutolea sauti hayafungwi pamoja. Yatasukumana, utaharibu mixa ya watu. Tumia waya wa mstari mmoja. Chomeka tundu la kutolea la kushoto, lenye herufi L. Halafu vile virungu vya mixa vya kupeleka sauti kushoto au kulia, vyote zungusha kushoto, kisipotee kitu."

Wakafanya hivyo. Fundi akapandisha sauti taratibu. Mwalimu akasogelea maiki.

"Baba watoto," spika ikasema, wazi kabisa, "kesho kaa kiti cha mbele, unyamaze."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Injinia naye akacheka, macho yamelowa.

Kesho yake, uwanjani shuleni, Mwalimu hakusoma hotuba. Alifungua daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho, akaita majina polepole, moja baada ya jingine. Jina la mwisho lilikuwa la mtoto aliyekaa nyuma kabisa, karibu na geti.

"Nipo, Mwalimu!" mtoto akaitika.