Kisogo cha Mchungaji

Nakutegea kitendawili, wewe uliyekaa kusoma. Ni changu tangu nizaliwe, nakilalia kila siku, jirani yangu anakijua kuliko mimi, nami sijakiona hata mara moja. Ni nini? Usikimbilie kujibu. Shika kwanza habari ya Kinyozi, jibu litakuja lenyewe.

Kinyozi alikuwa na kibanda mbele ya nyumba yake. Kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wanaosubiri, kioo kikubwa ukutani, na kioo kidogo cha mkononi ambacho mpini wake ulifungwa kamba. Kila asubuhi alifagia, akachemsha mikasi yake, akakung'uta kitambaa cha kufunga wateja shingoni. Watu walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito. Siri za wateja ziliishia kwenye ndoo ya nywele.

Uani aliishi na mkewe na binti yao. Binti huyo walimwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Chumba cha nyuma alikaa dada mkubwa wa Kinyozi, mjane, fundi wa cherehani. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyembeba Kinyozi mgongoni mpaka akajua kutembea. Siku za Jumapili aliwafundisha watoto kanisani, na kitendawili nilichokutegea ndicho alichomtegea Chiriku, naye hakuwa amekitegua.

Kanisa lao lilikuwa na mtindo wake. Mchungaji akitangaza jambo, watu wote hujibu kwa pamoja, "Imepita!" kisha hupiga makofi. Walianza kwa furaha, siku paa jipya lilipopandishwa. Baadaye ikawa mazoea. Mchungaji akisema fulani asiimbe kwaya, imepita. Akisema fulani asimwoe fulani, imepita.

Jumapili moja akatangaza kwamba chumba cha watoto kitakuwa ofisi yake. Watoto watasomea nje.

"Imepita!"

Dada mtu akasimama. "Mchungaji, samahani. Mvua ikinyesha, watoto wakae wapi?"

Basi, ni hilo tu. Lakini Mchungaji alikunja uso. Akasema mama huyo ana roho ya uasi. Kuanzia leo ametengwa. Asisalimiwe, wala mtu asile naye chakula, mpaka atubu mbele ya watu.

"Imepita," watu wakasema, safari hii kwa sauti ndogo. Na Kinyozi, mzee wa kanisa, aliyekaa benchi la mbele, alisema pamoja nao. Neno lilimtoka kabla hajalitafuna.

Nyumbani, Chiriku alimkimbilia shangazi yake. "Shikamoo, sha..." Mama yake akamvuta mkono.

Wakaketi kula. Kigoda cha shangazi kilikuwa kitupu.

"Baba, shangazi amefanya nini?"

"Ameuliza swali."

"Kuuliza ni dhambi?"

"Kula, Chiriku."

"Na mchungaji akikosea, nani anamwambia?"

Kinyozi aliinamia sahani yake kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo. "Kula," alisema.

Siku zikapita. Mke wa Kinyozi alimpenda wifi yake, lakini aliogopa. Basi akaanza kuzungumza na kamba ya nguo. "Ewe kamba," alisema huku akianika, "mwambie mwenye gauni hili kuna maziwa yake dirishani."

Naye wifi alijibu akiwa upande wa pili wa shuka. "Kamba, nishukurie. Tena mwambie wifi yangu kwamba nahama mwisho wa mwezi. Nitakwenda kwa binamu yetu, huko mbali. Siwezi kukaa ua mmoja na ndugu anayenipita kama gogo."

Kinyozi alikuwa kibandani akimnyoa mtoto. Alisikia kila neno. Akasimamisha mkasi.

Mtoto yule alikuwa mjukuu wa Mama Mkunga, jirani yao. Bibi huyo alikuwa mkunga wa kliniki, tena mzee wa kanisa jingine mwisho wa mtaa.

"Kinyozi," alisema kutoka benchini, "siku hizi kamba za kwenu zinapokea ujumbe?"

Kinyozi hakucheka. Alimweleza yote. "Nifanyeje, mama? Yule ni mpakwa mafuta wa Bwana. Haguswi."

"Kumgusa ni kumdhuru. Kumwambia kweli si kumdhuru. Daudi alikataa kumwinulia Sauli mkono, lakini alimwita akamwambia kosa lake, mchana kweupe. Paulo alimkosoa Petro mbele ya watu. Na Petro alikuwa mtu mdogo?"

"Hakuwa mdogo."

"Kule kliniki, dawa kali tunaisoma watu wawili kabla mgonjwa hajapewa. Daktari anasoma, nami nasoma. Hiyo si dharau. Kila mtu anaweza kukosea. Anayekataa kusomewa ndiye wa kuogopwa." Akamfuta mjukuu wake nywele shingoni. "Hivi kanisa lenu halina baraza la wazee?"

"Lipo. Nami nimo."

"Lilikaa lini?"

Kinyozi akakuna kichwa.

"Basi mna baraza kama jogoo wa picha, halimwamshi mtu. Sikiliza, baba. Kumtenga mtu si kazi ya mdomo mmoja. Baraza hukaa, mshtakiwa akasikilizwa, na mashahidi pia. Kiongozi akikukataza kumsalimu dada yako kwa sababu ameuliza, hapo analinda kiti, halindi kundi. Bwana mwenyewe aliulizwa maswali kila siku, akajibu. Tena aliwaosha wanafunzi wake miguu."

"Nianzie wapi?"

"Mwendee yeye peke yake kwanza, kwa heshima. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo ulipeleke mbele ya kanisa. Sikuutunga mimi utaratibu huo. Umo kwenye Biblia unayoibeba kila Jumapili. Ukianza na umati, watu watajua unatafuta ushindi."

Kinyozi alimaliza kumnyoa mtoto. Kisha akaenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Cherehani ilikuwa imeshafungwa kwa shuka.

"Shikamoo, dada."

Dada yake aliacha kukunja nguo. "Marahaba. Ruhusa umeipata wapi?"

"Sikuomba."

"Salamu nimeipokea, mdogo wangu. Lakini mimi nina wewe. Watoto wale wana nani?" Akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, Mchungaji alikuja kunyolewa kama kawaida yake. Hapakuwa na mteja mwingine. Kinyozi alimfunga kitambaa, akaanza upande wa kulia. Alipofika katikati alisimama. Akauweka wembe mezani. Hakutaka maneno yake yafanane na vitisho.

"Mchungaji, ninakuheshimu. Ndiyo maana nakwambia tukiwa wawili. Umekosea kwa dada yangu. Hukumsikiliza, na hukutuuliza sisi wazee. Nami nilikosea, kwa kunyamaza."

Mchungaji aliona haya, kisha haya ikageuka hasira. "Unanihukumu nikiwa kitini kwako?"

"Sikuhukumu. Nakuomba baraza likae."

"Baraza ni mimi." Akavua kitambaa, akavaa kofia, akatoka.

Alitoka na kichwa nusu. Upande mmoja uling'aa kama bakuli, upande mwingine ulikuwa kichaka. Mke wa Kinyozi, aliyekuwa mlangoni, alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Nami nasema, asiye kinyozi ndiyo kabisa. Kabla jua halijainama, Mchungaji alirudi, akapitia mlango wa uani. Chini ya kofia kulikuwa na damu. Alikuwa amejaribu mwenyewe, akajikata nyuma ya kichwa.

Kinyozi hakumcheka. Aliosha jeraha, akapaka dawa, akamalizia kazi taratibu. Mwisho akachukua kile kioo kidogo, akakishika nyuma ya kichwa cha Mchungaji, ili aone katika kioo kikubwa. Siku zote alifanya hivyo, na siku zote Mchungaji alisema "vizuri" bila kutazama. Leo alitazama.

"Kumbe kisogo changu kiko hivi," alisema.

"Kisogo!" Chiriku alidakia kutoka uani. "Shangazi, nimekipata kitendawili chako! Ni kisogo!"

Umesikia wewe msomaji? Jibu ni hilo. Hakuna anayekiona cha kwake bila kushikiwa kioo.

Mchungaji alipapasa jeraha lake kisogoni. Kisha akasema, "Waite wazee."

Baraza likakaa. Dada mtu alipewa nafasi, akaeleza bila kutukana. Wazee walisema wazi kwamba kumtenga hakukuwa halali, na kwamba nao walilala kazini. Mchungaji hakukubali yote kwa urahisi. Alibisha, akanywa maji, akabisha tena. Mwishowe alisimama mbele ya kanisa zima, akamwomba mama yule msamaha. Wakakubaliana kwamba hatatengwa mtu bila baraza kumsikiliza, na kwamba kila tangazo litafuatwa na maswali. Jumapili ya kwanza watu walikohoa tu. Ya pili, mzee mmoja aliuliza kwa nini mahubiri ni marefu hivyo. Watu wakacheka, Mchungaji naye akacheka, na siku hiyo wakatoka mapema.

Chumba kilirudi kwa watoto. Siku mvua kubwa iliponyesha, waliimba humo ndani, mabati yakiwapigia ngoma.

Baadaye wote walikula pamoja nyumbani. Cherehani ilikuwa imefunguliwa shuka lake, na shangazi alikuwa juu ya kigoda chake. Chiriku alikomba sahani mpaka ikang'aa, akaisukuma mbele.

"Baba, uliniambia nile. Nimemaliza. Mchungaji akikosea, nani anamwambia?"

Kinyozi alimtazama dada yake, kisha binti yake.

"Ni sisi, mwanangu," alisema. "Na siku ile ilikuwa zamu yangu, nami nikasema imepita."